Ng'ambo ya Mto Ottawa: Mjadala wa Matairi ya Winta

Kati ya Ottawa na Gatineau kuna mto mmoja na madaraja matano ya magari. Kusini ya mto ni jimbo la Ontario, kaskazini ni Quebec, na theluji haichagui upande: kwa mwaka wa kawaida eneo lote hupata zaidi ya mita mbili za theluji, na alfajiri ya Januari kukuta nyuzi 15 chini ya sifuri hakumshangazi mtu. Sheria ndiyo inayobadilika ukifika katikati ya daraja. Quebec, tangu winta ya 2008, inamlazimisha mwenye gari dogo lililosajiliwa huko kufunga matairi ya winta. Muda wenyewe siku hizi ni kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi, na anayekamatwa bila hayo hutozwa faini ya dola 200 hadi 300. Ontario haimlazimishi mtu. Kwa hiyo asubuhi moja, juu ya daraja la Macdonald-Cartier, magari mawili hupita bega kwa bega kwenye barafu ileile, moja limebanwa na sheria na la pili limeachiwa dereva aamue mwenyewe.

Jambo hili linatuhusu. Warundi, Wakongo na Wanyarwanda wengi wamefuata Kifaransa upande wa Gatineau, na Wakenya na Watanzania wako ng'ambo, Ottawa. Wengi wetu tulijifunzia udereva kwenye lami ya moto, vumbi la kiangazi na matope ya masika, na tairi tulilipima kwa swali moja tu: limeshakuwa kipara au bado? Huku swali hilo halitoshi, na mtu anayelitegemea anaweza kulipa kwa mwili wake.

Nimepanga hapa baraza la watu wanne wa aina tunayokutana nayo kila siku katika miji hii miwili. Yupo Fundi, mzaliwa wa Bujumbura, anayefunga matairi Gatineau. Yupo Mama, mtu wa Mombasa, anayehudumia wazee katika nyumba ya kulelea na anayetoka kwake Ottawa saa kumi na moja alfajiri. Yupo Kijana wa Dar es Salaam, mtu wa kompyuta, mkaazi wa fleti ghorofa ya nane. Na yupo Mzee wa Bukavu, aliyeendesha teksi mpaka alipostaafu. Mimi nami nitasema langu, kwa sababu katika suala hili nina upande.

MAMA: Niwaambie kweli yangu. Gari nililinunua mwezi wa Juni, jua linawaka. Tairi zake zimeandikwa M+S ubavuni, na muuzaji akanambia, mama hizi ni za mwaka mzima, wewe endesha tu. Tena gari lenyewe ni fowili. Serikali ya Ontario haijanishika mkono kunilazimisha. Sasa nitoe mamia ya dola ninunue tairi nyingine za nini, ilhali hizi bado zina meno?

FUNDI: Dada, nikuulize. Hizo herufi M na S ziliwekwa na nani?

MAMA: Na aliyezitengeneza.

FUNDI: Haswa. Yeye mwenyewe ndiye anayeziandika, kwa kuangalia umbo la meno: nafasi kati ya jino na jino zikiwa pana kiasi fulani, herufi zinapigwa, na tairi lenyewe halikuwahi kupelekwa kwenye theluji kupimwa. Ni za matope na theluji kwa maana ya umbo. Kuhusu mpira wenyewe hazikwambii lolote, na kwenye baridi ugomvi wote uko kwenye mpira.

Hapa ningependa msomaji asogee karibu, kwa sababu jambo hili hueleweka kwa kidole kuliko kwa maneno. Siku ya nyuzi 15 chini ya sifuri, weka tairi la misimu yote na tairi la winta nje usiku kucha. Asubuhi bonyeza jino la kila moja kwa ukucha wa kidole gumba. La kwanza linakataa, ukucha unateleza juu yake. La pili linabonyea kidogo na kurudi. Halafu ukilikunja jino la tairi la winta kwa vidole, utaona linafunguka: juu yake kumechanjwa mikato mingi myembamba, ya kwenda kwa mawimbi, ambayo hukuiona ulipolitazama kwa mbali. Kila mkato ukifunguka unatoa kingo mbili za kukwaruza barafu. Tairi gumu lenye mikato hiyohiyo halisaidii kitu, maana jino haliwezi kujikunja ili mikato ifunguke. Ulaini na mikato hufanya kazi pamoja.

MAMA: Ni kama ndala kuukuu kwenye sakafu yenye maji. Nyayo zipo lakini zimekauka, unaruka nazo hadi ukutani.

FUNDI: Umesema, dada. Tairi la misimu yote lilizaliwa Marekani. Goodyear walitoa la kwanza, Tiempo, mwaka 1977, wakiwalenga watu waliochoka kubadilisha matairi mara mbili kwa mwaka. Wazo zuri kwa mtu wa mahali ambapo baridi hubisha hodi na kuondoka. Lakini mpira wake lazima uvumilie Julai, na Ottawa Julai inapita nyuzi 30. Mpira wa kuvumilia joto hilo huanza kukakamaa baridi ikishuka karibu na nyuzi 7. Sikusema sifuri, nimesema 7 juu ya sifuri, yaani Oktoba. Tairi la winta limechanganywa na silika nyingi ili libaki laini huko chini. Wafini walilijua hili mapema, kiwanda cha mji wa Nokia kilitoa tairi la theluji la kwanza mwaka 1934, kwa ajili ya malori, na miaka miwili baadaye la magari madogo. Kwao hilo ni jambo la kujua kama utapeleka maziwa sokoni au hupeleki.

KIJANA: Mzee shikamoo, Mama shikamoo. Kaka Fundi, hapo unalinganisha mawili ya zamani tu. Siku hizi kuna la tatu katikati, tairi la hali zote, nalo si hilo la M+S. Lina alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Alama hiyo haiandikwi kwa kupenda. Tairi hupimwa kwenye theluji iliyoshindiliwa, likilinganishwa na tairi maalumu la mfano, na lazima mvuto wake uzidi wa lile la mfano kwa angalau asilimia 10. Na sheria yenu ya Quebec, tangu tarehe 15 Desemba 2014, inaangalia alama hiyo tu, ukiondoa matairi ya misumari. Mimi nina matairi manne ya hali zote, yana alama, nalala nayo na kuamka nayo mwaka mzima. Nikihamia kwako Gatineau kesho polisi hanigusi.

FUNDI: Polisi hakugusi, sawa. Je, barafu?

KIJANA: Barafu inahusikaje na polisi?

FUNDI: Umesema vizuri wewe mwenyewe jinsi kipimo kinavyofanywa. Wanapima gari linavyovuta kwenda mbele, juu ya theluji iliyoshindiliwa. Kipimo hicho hakipimi breki na hakipimi barafu. Mimi siwaoni watu wakiletwa na lori la kuvuta magari kwa sababu walishindwa kuondoka. Nawaona walioshindwa kusimama.

KIJANA: Hapo umenishika, siwezi kubisha. Alama ni kiwango cha chini. Tairi la winta la kweli linakwenda mbali zaidi ya alama, na kwenye barafu tofauti inaonekana. Lakini tusilidharau la hali zote. Ukiliweka mizani moja na lile la Mama, la M+S, hakuna mashindano.

MAMA: Ngojeni, ngojeni. Na fowili yangu je? Mbona hamuitaji?

Swali hili la Mama naliona ndilo lenye hatari kuliko yote, na nimelisikia kwa watu wenye akili timamu na madaraka makubwa. Gari linalosukumwa kwa magurudumu manne huondoka kwenye theluji kwa urahisi, na wepesi huo ndio unaomdanganya dereva. Linapofunga breki, kila gari duniani hutumia magurudumu manne. Fowili haina cha kuongeza hapo. Kwenye kona pia, kinacholizuia gari lisitoke nje ya barabara ni vile viganja vinne vya mpira vinavyogusa chini. Anayeondoka upesi kwenye taa za barabarani huamini barabara ni nzuri, hufika mwendo ambao hawezi kuurudisha, na huligundua hilo mbele ya gari lililosimama.

KIJANA: Mama, nikufanyie hesabu ya fizikia ya sekondari. Tuseme unakwenda kilomita 50 kwa saa, barabara ni barafu tupu. Tuchukue msuguano wa 0.1 kwa tairi lililokakamaa na 0.15 kwa tairi laini. Sisemi ndizo namba za tairi lako, barafu hubadilika kila saa, nachukua mfano tu. Kwenye lami kavu, penye msuguano wa 0.8, ungesimama kwa mita kama 12. Kwenye barafu hiyo, tairi laini linahitaji mita 65, na lililokakamaa linahitaji mita 98. Na hapo sijahesabu muda wa mguu kufika kwenye breki.

MAMA: Mita thelathini na tatu zaidi.

KIJANA: Na sikiliza hili. Pale ambapo gari la tairi laini limeshasimama kabisa, la kwako linapita hapohapo likiwa bado na kilomita 29 kwa saa. Ikiwa mbele kuna mtu anavuka, ndiyo tofauti kati ya kumkemea na kumgonga.

MZEE: Marahaba, mwanangu. Nimekaa kimya nikisikiliza, sasa na mimi niulize kwenye hesabu yako hiyohiyo. Mama akiwa na tairi lake baya, lile la mita 98, akapunguza mwendo kutoka 50 hadi 25, atasimama wapi?

KIJANA: Mwendo ukiwa nusu, umbali unakuwa robo. Mita 25, hata hazitimii.

MZEE: Basi! Tairi lako zuri limemwokolea mita thelathini na tatu, mguu wake umemwokolea sabini na tatu. Mimi nimebeba abiria katika mji huu usiku wa dhoruba, magari yamelala kwenye mitaro kushoto na kulia, na mengi yalikuwa na matairi mazuri, mapya. Mtu akinunua tairi la bei anaona amenunua ruhusa ya kukimbia. Mnawafundisha watu kununua, mbona hamuwafundishi kupunguza?

Mzee amelenga penye ukweli na ninamkubali bila kuuma maneno. Hakuna mpira unaoshinda hesabu ya mwendo. Hata hivyo nina la kumjibu. Kwenye Queensway, ile barabara kuu ya 417 inayoukata mji wa Ottawa, dereva wa kilomita 25 kwa saa akiwa na malori nyuma yake hayuko salama, amekuwa kizuizi. Na barafu mbaya kuliko zote haionekani. Hujitandaza kwanza juu ya madaraja, kwa kuwa upepo baridi hupita juu na chini, na lami ya daraja hupoa mapema kuliko ile iliyolala juu ya udongo. Huna muda wa kupunguza mwendo kwa kitu usichokiona. Zaidi ya hayo, barafu iliyo karibu na nyuzi sifuri huteleza kuliko ya nyuzi 20 chini yake, kwa sababu juu yake kuna utando wa maji. Siku inayoonekana ya huruma, jua limetoka na watu wamevua kofia, ndiyo siku ya kuogopa.

FUNDI: Mzee wangu, mimi nachukua vyote viwili. Tairi na mguu.

MZEE: Sawa. Lakini kwa nini msituachie tupige misumari? Tairi la misumari linaikamata barafu kweli.

FUNDI: Quebec inaruhusu, kuanzia 15 Oktoba hadi 1 Mei. Mama hawezi, yeye yuko kusini ya Ontario, huko misumari imeachiwa watu wa kaskazini tu. Na misumari inakwangua lami. Wajapani walikuwa nayo miaka ya themanini, miji kama Sapporo na Sendai ikajaa vumbi la lami kila winta ilipokwisha, mpaka wakatunga sheria mwaka 1990 ya kuizuia. Ndiyo sababu Wajapani ni hodari wa mpira laini usio na msumari. Walilazimika.

MAMA: Haya, tairi nimeelewa. Tuzungumze pesa, maana pesa ndiyo iliyonileta hapa. Mimi nalipwa kwa saa. Nina watoto. Kodi ya nyumba ikitoka, chakula kikitoka, na nyumbani nako wanangoja, kinachobaki hakinunui tairi nne na rimu nne.

Nataka kukaa hapa kwa muda mrefu kidogo, kwa sababu naamini mjadala mzima wa matairi katika jamii yetu ni mjadala wa pesa uliovaa nguo za ufundi. Mgeni hununua gari lake la kwanza kwa akiba yote aliyonayo. Hununua majira ya joto, gari likiwa safi, na hakuna anayemwambia kwamba bei aliyoambiwa haijakamilika. Muuzaji hana haraka ya kumkumbusha Desemba. Kisha Novemba inaingia na mtu anakuta anadaiwa pesa nyingine asiyokuwa nayo. Anafanya nini? Anajiambia kwamba tairi bado lina meno.

FUNDI: Na akija gereji, dada, anakuja na ombi la hatari. Ananiambia, kaka, nifungie mawili tu, ya mbele, gari langu linavuta kwa mbele.

MAMA: Si afadhali mawili kuliko hakuna?

FUNDI: Afadhali hakuna. Mbele itashika, nyuma haitashika. Siku utakayofunga breki kwenye kona, mbele inapunguza, nyuma bado inakwenda, na nyuma itataka kuipita mbele. Gari linazunguka. Mtu aliyezoea gari lisilokata kona vizuri anaweza kulituliza, lakini gari linalojizungusha nyuma humshinda hata dereva wa miaka mingi. Manne au subiri.

MAMA: Basi ya mtumba.

FUNDI: Ya mtumba sawa, ila usinunue kwa macho ya nyumbani. Kwanza tafuta neno DOT ubavuni, ufuate mpaka tarakimu nne za mwisho. Ukikuta 3519 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2019. Mpira unazeeka hata ukiwa stoo. Unaweza kukuta meno marefu na mpira umekauka, na hapo umenunua jiwe. Pili, kina cha meno. Sheria inakubali milimita 1.6, lakini kwa theluji usishuke chini ya 4. Meno lazima yashike theluji na kuishindilia ndani yake, kwa sababu theluji hung'ang'ania theluji. Meno yakiwa mafupi hakuna cha kushika. Tatu, kama kuna mshale ubavuni, magurudumu lazima yazunguke kufuata mshale. Nimeyakuta yamefungwa kinyume, na mwenyewe analalamika tairi ni bovu.

KIJANA: Mama, kuna hesabu nyingine ambayo watu hawaifanyi. Tairi la winta likiwa chini ya gari, tairi la kiangazi limepumzika. Seti mbili huisha polepole kuliko seti moja. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ile bei umeitanguliza tu, hukuitupa. Gharama unayoongeza hasa ni rimu, kufunga na kufungua mara mbili kwa mwaka, na pa kuweka. Na Ontario, tangu tarehe 1 Januari 2016, kampuni za bima zinatakiwa kumpunguzia bei mwenye matairi ya winta. Punguzo ni asilimia chache, lakini ni lako, kaliulizie.

MAMA: Mbona wewe basi hukununua, hodari wa hesabu?

KIJANA: Kwa sababu ya pa kuweka, Mama. Fleti yangu haina stoo. Matairi manne kwenye roshani mwenye nyumba hataki, na kuyalipia gereji ni dola nyingine kila msimu. Tena mimi nafanya kazi nyumbani siku nyingi za wiki. Dhoruba ikija sitoki, nangoja magari ya kukwangua theluji yapite na chumvi imwagwe, ndipo niende dukani. Na hebu tuseme haki: tarehe 15 Machi sheria ya Quebec inamwachia mtu, lakini theluji ya Aprili haisomi gazeti la serikali. Waliovua mapema wanakutwa. Mimi sikutwi, yangu hayavuliwi.

FUNDI: Hilo ni kweli, sikatai. Lakini na wewe ukubali kwamba hayo yako yanaliwa na lami ya Julai. Meno yakishuka chini ya nusu, alama ya mlima inabaki ubavuni lakini uwezo wake umeondoka. Wengi wanafika winta ya tatu wakiamini alama.

KIJANA: Nakubali. Nitanunua kile kipimo cha kina.

Sasa niseme langu. Kwa Kijana, tairi la hali zote lenye alama ni uamuzi wa busara, kwa sababu ana uhuru wa kutokutoka. Huo uhuru ndio unaonunua tofauti ya barafu. Mama hana uhuru huo. Wazee anaowahudumia wanahitaji kuamshwa, kuoshwa na kupewa dawa saa ileile, theluji iwe imekwanguliwa au haijakwanguliwa, na saa kumi na moja alfajiri mitaa mingi ya makazi bado haijaguswa. Watu wetu wengi ndio hao: wahudumu wa wazee, wasafisha maofisi, wapishi wa hospitali, wapakiaji wa maghala. Wanatoka kabla ya chumvi. Tairi bora la winta lingepaswa kuwa lao kwanza, lakini ukitazama maegesho ya watu wa zamu ya alfajiri ndipo unapokuta matairi yaliyochoka zaidi. Hili linaniuma, na sioni sababu ya kulipamba. Ama tairi la M+S lisilo na alama, baada ya Novemba katika miji hii, sina mtu wa kumshauri abaki nalo.

Na kwenye sheria niko upande wa Quebec. Mama akivuka kwenda Gatineau na namba zake za Ontario hakosi kitu kisheria, na mtoto wa shule anayevuka mbele yake hana njia ya kujua gari linalokuja limetoka jimbo gani. Breki za mtu ni jambo la aliye mbele yake kuliko lake mwenyewe.

MZEE: Hapo nakusimamisha. Sheria hiyo unayoisifu inamtoza faini ya dola 200 nani? Tajiri? Tajiri ana seti mbili na chumba chenye joto cha kuziweka. Inamtoza aliyekosa pesa ya matairi, na sasa anakosa ya faini juu yake. Mimi nimewaona. Analipa faini, anabaki na tairi lilelile, kesho anarudi barabarani.

Sina jibu kamili la kumpa Mzee. Faini peke yake haijawahi kumnunulia mtu tairi. Ninachoweza kusema ni kwamba tarehe inayojulikana humfanya mtu apange: mkaazi wa Gatineau anajua tangu Agosti kwamba Desemba inakuja na bei yake, wakati mkaazi wa Ottawa huisogeza wiki hadi wiki mpaka theluji ya kwanza imkute. Lakini kupanga bila pesa ni kuhesabu tu, na hapo Mzee ana haki.

MAMA: Msigombane juu ya kichwa changu. Mimi nina chama, kina mama watupu, wote tuko kazi za alfajiri. Kila mwezi tunachanga, mmoja anapokea. Zamu yangu ni Desemba, na pesa ya Desemba mnaijua inakwenda wapi. Nitamwomba mwenzangu tubadilishane, nichukue ya Oktoba. Na nitalipeleka jambo lenyewe kikaoni: mwezi wa tisa na wa kumi wapokee wasiokuwa na matairi, wengine wasubiri.

MZEE: Hilo ni neno. Na mimi nina seti ya teksi ya zamani iko gereji kwa mwanangu, imelala tangu nilipoacha kazi.

FUNDI: Mzee, kabla hujampa mtu, nisomee zile tarakimu nne.

MZEE: Nitakusomea. Zikiwa za zamani mno utazitupa wewe, mimi roho haitaniruhusu.

FUNDI: Nitazitupa. Dada, wewe usije siku ya theluji ya kwanza, siku hiyo foleni inatoka nje hadi barabarani na hata mimi sina mikono ya kumsikiliza mtu. Njoo katikati ya Oktoba. Kabla ya kuja, piga picha ubavu wa tairi lako, ile namba kama 215/65R16, unitumie nikutafutie yenye rimu za chuma, hizo hazina mapambo lakini zitakupunguzia gharama ya kuvua na kuvalisha kila msimu. Na upepo tutaujaza tukijua baridi inakuja: tairi ukilijaza psi 33 ndani ya gereji yenye nyuzi 20, asubuhi ya nyuzi 20 chini ya sifuri litasoma 26 hivi, bila pancha yoyote. Kwa hiyo pima kila mwezi, nje, gari likiwa limepoa.

KIJANA: Nitakuja naye. Nitabeba matairi yake ya zamani.

MAMA: Utayaweka wapi, na roshani umekatazwa?

KIJANA: Nitayapandisha kwako, Mama.

FUNDI: Na mkishaondoka, endesheni kilomita 50, isizidi 100, mrudi nikaze nati tena. Rimu mpya hujikalia na nati hulegea. Hiyo hamlipi.